Miguu ya Kulia

Suruali ya kwanza ilipokataa kukaa sawa, Bi Uzi alidhani ni macho yake. Alikuwa amepita miaka hamsini, na tangu mwaka uliotangulia tundu la sindano lilikuwa limeanza kumkwepa. Akaitoa suruali kwenye cherehani, akafumua mshono wa katikati, akavipanga vipande upya juu ya goti. Kipande cha mbele na cha nyuma, mguu wa kwanza huo. Kipande cha mbele na cha nyuma, mguu wa pili. Alipoileta miguu yote miwili ikutane kwenye nyonga, mmoja ulimtazama na mwingine ukampa kisogo.

Aliinuka akaenda kwenye meza ya kukatia, ambako mafungu ya kitambaa cha kijivu yalikuwa yamefungwa kwa kamba vizuri kabisa, kila fungu na karatasi yake ya saizi. Akavuta kipande cha juu, kingine cha katikati, kingine cha chini kabisa. Akavilaza uso juu, kimoja kando ya kingine. Vyote vilipinda upande mmoja. Akafungua fungu la pili, na la tatu, na la nne. Vilikuwa vipande vya suruali arobaini za wanafunzi, na kila mguu ulikuwa wa kulia.

Alikaa polepole, akageuka kumtazama mumewe aliyekuwa mlangoni kwenye kiti cha plastiki akiota jua, mkono wa kushoto umelazwa juu ya mto kama mgeni. Mumewe akamwona anamtazama. Akamnyanyulia kidole gumba cha mkono mzima na kutabasamu kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii.

Yeye ndiye aliyezikata.

Hapa lazima tusimame kidogo, maana wengi wetu huvaa suruali maisha yetu yote bila kujiuliza zilikatwaje. Kitambaa kile kizito kina uso na kina mgongo. Uso una mng'ao kidogo na mistari ya mshazari, mgongo umepauka. Mkataji anapotandika jora mezani hulivuta mpaka mwisho wa meza, akalikunja kurudi, akalivuta tena, uso ukitazama uso. Mkasi ukipita mara moja, mguu wa kulia na wa kushoto huzaliwa pamoja. Ni kazi ya mikono miwili: mmoja huvuta, mwingine hushika pindo lisikimbie. Fundi, kama mtaa wote ulivyomwita, alibakiwa na mmoja tangu kiharusi kilipomwangusha miezi saba nyuma. Kwa hiyo alifanya alichoweza. Alikata urefu mmoja wa kitambaa akautandaza, akakata mwingine akaulaza juu yake, akasawazisha kwa kiganja na kwa kidevu, na urefu wote ukawa umetazama juu. Mkono ulioishi na mkasi miaka thelathini ulikuwa bado unakata mstari ulionyooka. Kichwa tu kilisahau kugeuza kila urefu wa pili, uso utazame uso.

Na Bi Uzi hakukagua. Hili ndilo lililomchoma. Siku nne Fundi alipokuwa akikata, yeye alijitafutia shughuli ya vifungo chumba cha nyuma, makusudi, asije mumewe akamwona anamchungulia. Alimwomba hata dobi wa jirani, ambaye midomo yake haina mlango, asiingie kumsemesha. Dobi aliingia hata hivyo, akasimama na pasi yake ya mkaa mkononi, akamsifu Fundi kwamba mkasi wake bado unaongea. Wote walifanya vile. Kila mtu katika nyumba ile, tangu ugonjwa, alikuwa akitembea kwa ncha za vidole.

*

Jioni binti yao alirudi kutoka kwenye duka la kutoa nakala alikofanya kazi, akaweka sahani tatu na bakuli la maharage, na mchezo ukaanza. Kwa kweli haukuwa mchezo. Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali ndiye aliyewapa, kwamba ulimi wa mgonjwa hauponi kwa kunyamaza, basi kila jioni kabla ya kula, kila mmoja aseme jambo moja jema la siku ile, na mgonjwa aseme la kwake kwa mdomo wake, hata kama ni neno moja. Binti aliuita jema la leo. Aliushika kama dini.

Mwanzoni Fundi alitoa neno moja kwa jasho. Chai. Jua. Wiki zilivyopita akawa na mawili, matatu, na mambo yake yalikuwa madogo kiasi cha kuchekesha. Siku moja paka alikuwa amelala juu ya mkono wake mbovu, naye akalihisi joto. Siku nyingine mvua ilipiga bati akasinzia. Mara moja, baada ya kuhangaika na ulimi mpaka maharage yakaganda, alisema kwamba dobi kaimba vibaya sana, na binti akacheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kanga.

Bi Uzi yeye alikuwa na jema moja tu, lile lile kila siku: tumeamka salama. Binti alipomlalamikia kwamba anarudia, alimjibu kwamba hata jua linarudia na hakuna anayeligombeza. Lakini ukweli, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba alikuwa haoni jema lolote. Alimwona mwanamume aliyeoana naye akifutwa mate. Aliona chumba cha kazi kinachodaiwa kodi. Alipoambiwa atafute jema aliona kama anaambiwa akaokote shanga shimoni.

Jioni hiyo binti alianza. Mzee mmoja alikuja kutoa nakala ya cheti cha ndoa cha miaka arobaini na kitu iliyopita, akamwonyesha picha ya mke wake mfukoni. Hilo lilikuwa jema lake. Kisha wakamgeukia Fundi.

"Nimekata," alisema. Akapumua, akakusanya nguvu. "Zote. Peke yangu."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tangu alipoanguka. Binti aliweka kijiko chini akamshika bega. Bi Uzi alikazana na sahani yake kana kwamba amepoteza kitu ndani ya maharage.

"Na wewe, Mama?"

"Tumeamka salama," alisema Bi Uzi.

*

Kesho yake alimwambia binti peke yake, uani, maji ya bomba yakimwagika ili sauti isifike ndani. Binti alisikiliza, uso ukampauka, kisha akatoa amri kama mkubwa wa nyumba: Baba asijue. Mtaalamu alisema mgonjwa wa namna hii akivunjika moyo hurudi nyuma, na akirudi nyuma hawezi tena kuinuka. Bi Uzi akauliza, sasa suruali zivaliwe na nani, viwete? Binti alikwenda kazini amechelewa.

Akili ya fundi haikubali hasara kabla haijageuza kitambaa. Bi Uzi alifikiri: kama miguu yote ni ya kulia, nikiigeuza nusu ndani nje, si itakuwa ya kushoto? Alichukua saizi ya kati akashona haraka, mguu mmoja uso nje, mwingine mgongo nje. Chumbani, kwenye mwanga hafifu, ilitoka suruali. Moyo ukamruka. Aliinyoosha, akampelekea dobi aipige pasi kwa kitambaa kibichi, kwamba labda mvuke utaupunguza ule mng'ao. Dobi aliipiga pasi kwa moyo wote, akaitoa nje, akaitundika kwenye kamba juani.

Walisimama wawili wakaitazama. Mguu mmoja uling'aa, mwingine ulipauka, kama suruali ya mtu aliyetumbukia nusu kwenye majivu.

"Shemeji," alisema dobi, na kwa mara ya kwanza tangu Bi Uzi amfahamu alitafuta maneno, "wanafunzi wakisimama mstarini, labda kwa mbali..."

"Kwa mbali hata mimi ni msichana," alisema Bi Uzi, akaitoa kwenye kamba.

*

Mtunza stoo wa shule, ambaye Bi Uzi alimwendea asubuhi iliyofuata, alikuwa kijana nadhifu, kalamu tatu mfukoni, na ofisi yake ilinuka sabuni na daftari mpya. Yeye ndiye aliyempa Bi Uzi kazi ile, na jora ni la shule. Bi Uzi alikuwa amejiandaa njiani: aseme haraka, asilie, asiombe kabla hajamaliza kueleza. Akaiweka suruali mezani akaeleza. Kijana aliisikiliza habari yote akigongagonga kalamu. Kisha aliinuka, akaishika suruali kiunoni, akaipeleka dirishani penye jua, akaigeuza hivi, akaigeuza vile.

Akawaita makarani wa chumba cha pili waje waone.

Walikuja watatu. Mmoja aliipima kiunoni kwake akatembea nayo hatua mbili akichechemea. Walicheka, na haikuwa kwa ubaya sana. Walicheka tu jinsi watu wa ofisi wanavyocheka kitu kinapowapunguzia urefu wa asubuhi. Bi Uzi alisimama na kipochi chake mikononi akasubiri kicheko kiishe, kama mtu anavyosubiri mvua chini ya paa la wenyewe.

"Nani alikata?" aliuliza mtunza stoo.

"Mimi."

"Mimi nilisikia mkataji ni mzee."

"Mzee anaumwa," alisema Bi Uzi. "Nimekata mimi. Sikuwa na uzoefu."

Kijana alirudi kwenye kiti. Hakuwa mtu mbaya, na pengine ndiyo maana alizungumza akitazama karatasi. Alisema kitambaa ni mali ya shule na kina hesabu yake. Alete kitambaa kilekile cha kutosha miguu ya kushoto, na suruali zikamilike kabla ya muhula kufunguliwa, vinginevyo jambo lifike kwa mwalimu mkuu, na huko yeye hatakuwa na la kusema. Ujira wa kushona utabaki palepale, lakini muhula ujao kazi itakwenda kwa mwingine. Alipomaliza aliikunja suruali ile vizuri, pengine kwa aibu, akamrudishia.

Njiani Bi Uzi alipita kwa mwanamke wa sokoni ambaye siku nyingi alikuwa akiitamani cherehani yao ya pili, ile aliyotumia msichana wa kuwasaidia kushona enzi za kazi nyingi. Walikubaliana bei iliyotosha kitambaa na kubaki kidogo. Mwanamke yule alisema atatuma mkokoteni kesho asubuhi. Hakuomba apunguziwe bei hata kidogo, na wema ule ndio uliomtoa Bi Uzi machozi kidogo pale sokoni, baada ya kujikaza kisabuni mbele ya makarani.

*

Fundi alikuwa mlangoni akimngojea, maana aliambiwa mkewe amekwenda shuleni kuonyesha kazi. Alikuwa ameoga. Binti alimsaidia kuoga kabla ya kwenda kazini, na nywele zake zilikuwa zimechanwa kwa pembeni kama za mwanafunzi. Kwenye mapaja alishika chaki ya kuchoria kitambaa, bapa na mpya, na mezani mkasi wake mkubwa ulikuwa umefutwa kwa mafuta.

"Wame..." alianza, akatulia, akaanza upya. "Wamefurahi?"

Bi Uzi alisema ndiyo, wamefurahi. Aliingia ndani, akaweka kipochi.

"Wataleta," alisema Fundi nyuma yake. "Nyingine. Nitakata."

Hatujui ni nini hasa kilichovunjika hapo. Labda ni zile nywele zilizochanwa. Labda ni kwamba alikuwa amechekwa na makarani, amemdanganya mtunza stoo, amedanganya mlangoni kwake mwenyewe, na ilikuwa bado saa tano ya asubuhi. Bi Uzi aligeuka akaivuta ile suruali ya rangi mbili kwenye kipochi akaitupa mapajani mwa mumewe.

"Kata! Kata nyingine! Miguu themanini, yote ya kulia! Miaka thelathini unatandika kitambaa, mtu mzima, hujui uso na mgongo? Ungeita! Ungesema, mke wangu, njoo unishikie pindo, sina mkono! Kwani ningekumeza? Hapana, wewe peke yangu, peke yangu! Mwanafunzi wa wiki ya kwanza ningemtwanga na futi kwa kazi hii! Nimechekwa leo kama kinyago. Na cherehani nimeiuza, kwa taarifa yako!"

Mtaa mzima ulisikia. Kibandani kwa dobi pasi ilinyamaza. Bi Uzi alisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka ukuta wa pili, na hapo ndipo alipotambua alichofanya. Akafunika mdomo kwa viganja.

Fundi alikuwa ameishika suruali. Hakuitazama usoni, aliipapasa. Alipitisha kidole gumba juu ya mguu unaong'aa, akauhisi ule mstari wa mshazari, akapitisha juu ya mguu uliopauka. Alifanya hivyo mara nyingi. Kisha akageuza macho kwenye mkono wake wa kushoto uliolala juu ya mto, akautazama kitambo, mpaka Bi Uzi hakuweza tena kusimama pale. Alikimbilia uani, akafungua bomba, akaanza kufua nguo zilizokuwa safi.

*

Siku ile ilikuwa ndefu. Fundi hakuomba maji, hakuomba kuhamishwa jua lilipomfuata. Mara mbili Bi Uzi alifika mlangoni na bilauri mkononi, na mara mbili alirudi. Alipomsogeza hatimaye, mumewe alijiegemeza kwake, na uzito wake ulikuwa uleule wa miezi ya mwanzo. Ndiyo basi, alijisemea Bi Uzi. Amerudi nyuma. Kazi ya miezi saba, ya wataalamu, ya binti, ya mazoezi ya kila asubuhi, nimeiangusha kwa dakika moja kwa sababu ya suruali.

Binti aliporudi alijua yote kabla hajavua viatu, maana dobi alimngojea njiani. Hakumsema mama yake. Aliweka sahani bila kumtazama, na huko kulikuwa kumsema tosha. Walikaa. Maharage yalikuwa yaleyale. Binti alifumbua mdomo kwa mazoea aanze.

"Leo tule tu," alisema Bi Uzi. "Leo hakuna jema. Tusimtese."

Alichukua kijiko cha Fundi ili amlishe, jambo ambalo lilikuwa limeisha tangu mwezi wa tatu wa ugonjwa. Fundi akaukwepesha uso. Akaleta mkono wake mzima, akakichukua kijiko kutoka vidoleni mwa mkewe, akakiweka pembeni ya sahani.

"Mimi ninalo," alisema.

Mate yalimtoka upande mbaya, akayafuta mwenyewe kwa mgongo wa mkono.

"Leo... mke wangu... kanigombeza."

Bi Uzi aliinamisha kichwa. Alidhani ni shitaka, na aliona ni haki yake. Alisubiri liendelee. Lakini Fundi hakuwa na uso wa mtu anayeshitaki. Macho yalikuwa na maji, na ule upande wa mdomo unaotii ulikuwa unatetemeka kwa kitu kingine.

"Saba," alisema Fundi. Akanyoosha vidole, vitano, kisha viwili. "Miezi. Mnanong'ona. Kila mtu, vizuri Baba, vizuri Baba. Nikimwaga uji, vizuri." Ulimi ulimshinda, akapiga meza taratibu kwa ngumi, akautafuta tena. "Nilijua... nimeshakufa. Mnaficha tu."

Nje mtu alipita na redio, sauti ikaja ikaondoka.

"Leo kanigombeza," alisema Fundi. "Kama fundi. Fundi aliyeharibu kazi."

Binti ndiye aliyelia kwanza, kwa sauti, kama mtoto. Bi Uzi yeye alikaa akimtazama mumewe, nywele zake za pembeni, shati lake lililofungwa vifungo na mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakumwona mgonjwa. Alimwona yule mtu mbishi asiyetaka kushikiwa pindo. Kesho asubuhi mkokoteni utakuja kuchukua cherehani, muhula ujao kazi itakwenda kwa mwingine, na kodi haina masikio. Hayo yote aliyajua. Hata hivyo kitu kilimlegea kifuani, na ilimbidi akipe jina, na jina lake, hakukuwa na lingine, lilikuwa furaha.

"Hujaharibu peke yako," alimwambia. "Mimi sikukagua. Nigombeze na mimi."

Fundi alifikiri.

"Mvivu," alisema.

"Nani mvivu?"

"Wewe. Mkataji akikata... mshonaji anakagua. Siku zote. Mvivu mkubwa."

"Haya," alisema Bi Uzi, akijifuta pua kwa kanga bila haya yoyote. "Kitambaa kikija, unatandika na mimi. Nashika pindo. Ukilipeleka kombo, mtaa utanisikia tena."

"Vuta vizuri," alisema Fundi. "Wewe huvutaga legelege."

Akachukua kijiko chake mwenyewe, akaanza kula.